Kufunga begi la mbugani kwa sisi tunaotoka Dar: tusiangalie mwezi peke yake

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapokaribia sikukuu ndefu, iwe Pasaka, Saba Saba au Krismasi, katika makundi ya watu wanaopanga kutembelea hifadhi huibuka swali lile lile: tuvae nini? Majibu mengi hutoka kwenye picha za watalii, yaani kofia pana, shati la kaki na buti, kana kwamba Ngorongoro, Mikumi na Saadani ni mahali pamoja, na kana kwamba Julai ina baridi ya aina moja nchi nzima. Kwa kuwa kazi ya kuratibu safari za ndugu na za wafanyakazi wenzangu huniangukia mimi mara kwa mara, nimeona niandike uzi huu kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam hasa. Sisi tunaishi usawa wa bahari, sweta tumelizoea kama vazi la mtoto mchanga, na tunapofunga begi tunapima hali ya hewa kwa kusimama kibarazani.

Hoja yangu ni kwamba mwezi utakueleza kama unakwenda kukutana na vumbi au matope, lakini baridi na joto huamuliwa zaidi na mwinuko wa mahali unapokwenda pamoja na saa utakayokuwa ndani ya gari. Anayejua mambo hayo matatu hahitaji orodha ya mtu mwingine.

Tuanze na mwinuko, kwa sababu ndio unaowaumbua wengi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zilipo hoteli na kambi nyingi, uko takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni ya jumla, joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa Julai hapa Dar, ule ambao watu hujifunika shuka mbili na kulalamika, huwa na nyuzi 19 au 20 hivi. Ukitoa 13 au 14 unabaki na baridi ambayo fulana mbili za pamba haziwezi kuizuia. Juu ya hapo kuna ukungu, kwa kuwa upepo wa kusi unaotoka baharini na unyevu wake hukutana na ile miinuko ya upande wa mashariki, ukapanda, ukapoa na kugeuka wingu linalolala msituni hadi jua lipate nguvu. Ukishuka ndani ya kreta, takribani mita 600 chini ya ukingo, na jua likatoka, jaketi ulilokuwa umelikumbatia saa moja asubuhi utatafuta pa kulitupia. Seronera, katikati ya Serengeti, iko kama mita 1,500, hivyo asubuhi zake ni za baridi ya wastani na mchana wake ni wa jua kali. Mikumi na Nyerere ziko chini zaidi na joto lake mtalitambua upesi. Saadani, ambayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, ina hewa ya Bagamoyo tu, na mtu wa Dar anaweza kwenda huko na nguo zake za kawaida. Kwa upande mwingine, wanaokwenda Kitulo kutazama maua wajue kuwa uwanda ule uko zaidi ya mita 2,600. Maua yenyewe huchanua katika miezi ya mvua, na anayepita huko Juni au Julai anaweza kukuta umande umeganda juu ya majani alfajiri.

Kuhusu saa, wanyama wengi, hasa wale wanaowinda, hutembea wakati wa ubaridi, na ndiyo maana magari huingia hifadhini kuanzia saa 12 asubuhi. Hifadhi za kaskazini kwa kawaida hutumia magari yaliyofungwa yenye paa la kuinuliwa. Kambi nyingi za Nyerere na Ruaha hutumia magari yaliyo wazi pande zote, na gari la namna hiyo likikimbia alfajiri, upepo wake unakufanya uhisi baridi ambayo kipimajoto hakiionyeshi. Kwa hiyo hata Ruaha ya Septemba, ambako mchana joto hupita nyuzi 30, kuna saa mbili za asubuhi ambazo utalihitaji sweta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtu akisikia "Ruaha ni joto" huacha kila chenye mikono mirefu nyumbani.

Dawa yake ni kuvaa kwa tabaka. Ndani vaa fulana nyepesi ya pamba, juu yake shati la mikono mirefu, kisha sweta, na mwisho jaketi jembamba la kuzuia upepo. Nguo nne nyepesi zinakufaa kuanzia alfajiri ya ukingoni hadi mchana wa bondeni, ilhali koti moja zito litakufaa kwa saa mbili na kukubana garini saa nane zilizobaki. Suruali iwe ya kadeti au kitambaa chochote kinachokauka haraka. Jinzi siipendekezi hata kidogo: ni nzito, ina joto mchana, na ikilowa jioni utaivaa mbichi kesho yake. Kitenge au shuka la kimasai lisikose kwenye kibegi cha mgongoni, kwa kuwa utafunika nalo magoti asubuhi, utazibia pua vumbi likizidi, utalikalia wakati wa chakula, na mwenye haja ya kujistiri porini ataniombea dua.

Sasa nije kwenye majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni wakati wa ukavu, nyasi zimelala, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanakusanyika hapo. Ni majira ambayo Tarangire hujaa tembo kandokando ya mto, na nyumbu huvuka Mto Mara huko kaskazini mwa Serengeti, hasa Julai hadi Septemba. Adui wa majira haya ni vumbi. Barabara ya kutoka Ngorongoro kuelekea Serengeti ina vumbi jepesi kama unga wa sembe, na msafara wa magari ukipishana huingia kwenye kola, kwenye masikio na kwenye zipu za begi. Nguo nyeupe zitakuwa na rangi ya barabara kabla ya chakula cha mchana. Wenye nywele za kusuka wajifunge kitambaa, wenye lenzi za macho wabebe miwani, na mafuta ya mgando yawe karibu kwa ajili ya midomo, kwa maana sisi wa pwani tumezoea hewa yenye unyevu na midomo yetu hupasuka upesi. Tugawe pia majira haya mara mbili: Juni hadi Agosti ni kipupwe, lakini Septemba inapokwisha joto hupanda kwa kasi, na Oktoba ya Nyerere au Ruaha inaweza kupita nyuzi 35. Anayekwenda Oktoba apunguze sweta moja, aongeze fulana mbili na kofia yenye ukingo mpana.

Vuli, Novemba na Desemba, ni majira ya koti jepesi la mvua. Mvua zake kwa kawaida hunyesha kwa vipindi na jua hurudi, ila zikikukuta paa likiwa limeinuliwa utalowa kabla dereva hajalishusha. Ndugu zetu wanaorudi nyumbani Kilimanjaro kila Desemba "kuhesabiwa", yaani kukutana na ukoo, wanayo nafasi nzuri ya kuunganisha na Tarangire au Manyara, na nguo walizobeba kwa ajili ya baridi ya Moshi vijijini zinatosha kabisa. Januari na Februari sina mengi ya kusema: kaskazini hupata mapumziko ya mvua, nyumbu huzalia tambarare za Ndutu, mchana ni wa joto, na nguo za Oktoba pamoja na sweta la ukingoni zinatosha.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo majira yanayohitaji uamuzi kabla ya kuhitaji nguo. Kambi nyingi za Nyerere hufungwa Aprili na Mei kwa sababu njia hazipitiki. Udongo mweusi ukilowa unanata kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa na uzito wa tofali, na kama gari limekwama mtashuka kusukuma, muwe na buti au msiwe nazo. Beba jozi mbili za viatu vya kufunika, soksi za kutosha, na koti la mvua linalofika mapajani. Nyasi ndefu za wakati huu zina kupe, kwa hiyo suruali iingie ndani ya soksi kwa wale watakaotembea kwa miguu, hata kama picha haitapendeza.

Kuna suala la rangi, na hapa naomba wanaochapisha fulana za sare kwa ajili ya kundi wanisikilize. Epukeni bluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o, ambao baadhi yetu tunawaita ndorobo, huvutwa na rangi hizo. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu hiyo hiyo. Wapo Tarangire, baadhi ya maeneo ya Serengeti, Ruaha na Nyerere, hufuata gari linalotembea, hupenya sindano yao kwenye kitambaa chembamba, na dawa za kupaka za mbu hazisaidii sana dhidi yao. Kundi la watu ishirini waliovaa fulana za bluu bahari iliyokolea ni karamu. Chagueni kaki, kijivu, udongo au kijani kikavu. Jambo la pili ni zito zaidi: msivae wala kubeba nguo za mabaka-mabaka zinazofanana na sare za jeshi. Sheria za nchi zinakataza raia kuvaa mavazi ya aina hiyo, na mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa walio nayo kuyasalimisha. Mgeni anayekuja akiwa na kofia ya mabaka, mwambieni mapema aiache kwao.

Kuhusu gharama, hakuna haja ya kununua chochote kwenye maduka ya bei kubwa. Mitumba ya Karume na Kariakoo ina kila kitu, ilimradi ujue kukagua. Jaketi la mvua usilinunue kwa kulitazama. Mwombe muuzaji ruhusa, mimina kifuniko cha maji ya chupa begani, uhesabu taratibu hadi thelathini: maji yakikaa kama matone na kuteleza, chukua, yakizama na kuacha doa jeusi, hilo ni jaketi la kawaida na bei yake ishuke. Kisha ligeuze ndani nje uangalie utepe wa kwenye mishono ya mabega, kwa kuwa ukishabanduka maji yatapita hapo. Kwa sweta, vuta lastiki za mikononi na upandishe zipu mara kadhaa hadi shingoni, maana zipu ya mtumba hukwama pale juu kabisa, penye baridi.

Mwisho ni begi lenyewe. Wanaosafiri kwa ndege ndogo zinazotua viwanja vya mbugani wajue kuwa kampuni nyingi huruhusu kilo 15 na hutaka begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na sanduku gumu la magurudumu halikunjiki. Nguo chafu ziwekwe kwenye foronya kuukuu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na foronya ina faida ya kupitisha hewa, hivyo begi halitanuka hadi Ubungo.

Karibuni kwa nyongeza na maswali.

Mpenda Hoja:

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu, lakini suala la rangi naona umelikuza. Ndugu zetu Wamasai wanachunga ng'ombe Ngorongoro wakiwa wamevaa mashuka mekundu na ya bluu miaka yote, na wako hai. Haya mambo ya kaki ni biashara ya wauza nguo, nasi tusiyabebe kama sheria.

Mleta uzi:

Mkuu, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Kwa mtu aliyekaa ndani ya gari, simba haoni shati lako. Anaona kitu kimoja kikubwa kinachonguruma, na ungevaa njano ya jezi ya timu yako asingejali. Kaki ina maana kwa anayetembea kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi, ambako nyeupe na rangi za kung'aa huwashtua wanyama kutoka mbali, na ina maana kwa vumbi, kwa kuwa haionyeshi uchafu. Onyo langu kuhusu bluu na nyeusi linamhusu mbung'o peke yake. Nyanda za juu za Ngorongoro zina ubaridi ambao mbung'o haupendi, kwa hiyo shuka la bluu kule halimsumbui mwenye kulivaa. Lipeleke Tarangire ulione.

Usukani wa Kusini:

Naomba kuongeza kidogo kwa upande wa Ruaha na Nyerere ninakofanyia kazi ya kuendesha wageni. Mbung'o wakizidi, baadhi yetu tunafukiza kinyesi cha tembo kilichokauka ndani ya kopo nyuma ya gari, na moshi wake hushika kwenye nguo, kwa hiyo usije na nguo uliyoazima ambayo mwenyewe anataka irudi ikinukia udi. Pili, wengi hawajui habari ya upupu. Wakati wa kiangazi maganda yake hukauka na vile vinyweleo hupeperuka, na gari la wazi likipita karibu na kichaka chake mwenye mikono mitupu atajikuna hadi kambini. Hapo ndipo shati la mikono mirefu linapolipa, na likishaguswa livuliwe na kukung'utwa mbali na wenzako. Tatu, kofia iwe na kamba ya kidevuni, kwa kuwa ikipeperuka hatushuki kuifuata. Sheria za hifadhi haziruhusu kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Na kwenye sehemu hizo msishuke na ndala. Mwiba wa mgunga hupita kwenye soli ya kandambili moja kwa moja.

Mama wa Wawili, Mbagala:

Ahsante sana kwa uzi huu. Sisi tunakwenda Moshi Desemba kisha siku mbili Tarangire, tukiwa na watoto wa miaka minne na saba pamoja na mama mkwe. Mimi na mama mkwe tunavaa dera na ushungi, na sina nia ya kumwambia mama avae suruali mbele ya mkwewe. Je, tutaweza kupanda hayo magari? Na watoto niwavalishe nini?

Mleta uzi:

Dada, dera halina tatizo lolote, na kwa joto la mchana linawashinda wenye suruali. Shida ni ngazi ya Landcruiser, ambayo iko juu na nyembamba. Mama avae suruali laini au trakisuti ndani ya dera, apandishe pindo kidogo kwa mkono mmoja na ashike mpini kwa mkono mwingine, huku mmoja wenu akiwa nyuma yake. Hiyo suruali ya ndani itamkinga pia dhidi ya mbung'o, ambao hupenda kuingia chini ya viti na kuuma vifundo vya miguu. Soksi ndefu zisikosekane hata kama amevaa makubazi. Ushungi uwe wa pamba, na mtandio mwepesi wa ziada juu yake utasaidia vumbi au manyunyu. Msichague jeusi kwa siku za Tarangire. Mkiwa na madera ya maua yenye rangi ya udongo au kijani, hayo ndiyo yake.

Kwa watoto, trakisuti na sweta lenye kofia kwa asubuhi, fulana ndani, raba zisizo na kamba ndefu. Kila mtoto awe na jozi moja kamili ya nguo kwenye kibegi kinachokaa nanyi garini, si kwenye begi kubwa lililofungwa nyuma, kwa maana juisi humwagika na haja haingoji geti. Tarangire ina malaria kama maeneo mengine ya bondeni, na mbu wake huuma usiku, kwa hiyo ikifika magharibi wavalisheni mikono mirefu na soksi kabla ya chakula cha jioni.

Fundi wa Tabata:

Mimi na wenzangu wanne tuna mapumziko ya Pasaka tu, na umesema masika ni balaa. Tumefikiria kupanda treni ya SGR hadi Morogoro halafu tukodi gari kwenda Mikumi. Tuahirishe?

Mleta uzi:

Msiahirishe. Mikumi ndiyo hifadhi ninayoweza kuipendekeza kwa watu wa Dar wakati wa Pasaka, kwa sababu lami inafika hadi getini na barabara kuu yenyewe inakata katikati ya hifadhi, hivyo hata siku ya mvua kubwa mtaona twiga na pundamilia mkiwa njiani. Kutoka Morogoro ni kama kilomita 100. Kodini gari lenye uwezo wa kupita matope, na ndani ya hifadhi mwachieni dereva aamue njia, kwa kuwa bonde la Mkata lina ule udongo mweusi na baadhi ya njia hazipitiki mwezi huo.

Kwa nguo, kila mmoja abebe suruali mbili zinazokauka haraka, fulana tatu, shati moja la mikono mirefu, sweta moja jepesi, koti la mvua lililopita mtihani wa maji pale Karume, na jozi mbili za viatu. Simu na pawabanki ziwekwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Pia kwa kuwa mko watano, hakikisheni mnakodi gari lenye nafasi ya viti saba, kwa maana nguo mbichi za watu watano zinahitaji mahali pa kutandazwa.